Koti la Baba na Karata ya Vikombe Sita

Nianze na mbung'o, ingawa habari yenyewe si ya mbung'o.

Nyie wa rika langu mliokulia Mpanda mtakikumbuka kile kibanda cha giza kilichokuwa kando ya barabara, ukitoka Shanwe kuelekea porini. Kilijengwa ili mbung'o wasiingie mjini na watu. Lori likija linaingizwa mle zima zima, baiskeli nazo vilevile, milango inafungwa, mnabaki gizani mnasikilizana pumzi. Mbele kulikuwa na kidirisha kimoja chenye wavu. Mbung'o hapendi giza. Ukimfungia anakimbilia pale panapong'aa, na pale panapong'aa ndipo anaponaswa. Baba alinieleza hivyo nikiwa nimekaa kwenye keria ya baiskeli yake, nimemkumbatia kiuno, macho nimeyafumba kwa woga, pua nimeizamisha kwenye koti lake. Lilikuwa koti zito la kaki, la jeshi nadhani, alilinunua kwa askari mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Lilinuka moshi, nta, na asali iliyoanza kuchacha. Mpaka leo mtu akiyeyusha masega karibu yangu, pua inafika kwenye kile kibanda kabla akili haijafika.

Baba alikuwa mrina asali. Mkonongo wa porini kabisa, anayeweza kukaa huko na mizinga yake mpaka mama aanze kuuliza wapita njia. Ujanani alianguka kutoka juu ya mti, mguu wa kushoto ukaunga vibaya, basi alitembea hivi: mguu mmoja unatua, mwingine unaburuta, koti linayumba upande mmoja kama limebeba jiwe mfukoni. Hata ukimwona kwa mbali, uso hujauona, unajua yule ni Maganga.

Nimeshaanza kupotea. Turudi kibandani.

Mlango ulipofunguliwa alisimama mtu mrefu mwembamba, ameshika wavu wa mkono wa kunasia mbung'o. Akapiga kelele mpaka nikaruka.

"Simama hapo, Mkonongo! Wewe na hiyo baiskeli mmebeba mbung'o kuliko nyati!"

"Afadhali mbung'o kuliko Mfipa," baba akajibu. "Mbung'o akikuuma angalau unajua umeumwa."

"Toa asali, usinipigie domo."

"Asali nimewaachia nyuki waitunze. Kawaombe. Nenda uchi, wanapenda wageni."

Mimi nikaangua kilio, nikidhani wanataka kuuana. Yule mtu akaninyanyua juu kabisa. "Na wewe Mkonongo mdogo, unalilia nini? Baba yako ameshakuuza kwangu kwa wavu huu." Nikalia zaidi, nao wakacheka zaidi, baba mpaka akaegemea baiskeli.

Huyo ndiye Kalisto. Alikuwa mtani wetu. Sijui kama vijana wanajua tena utani ni nini, wanafikiri ni mizaha ya redioni. Siku zile Mfipa na watu wa kwetu walikuwa watani, na mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe, anaweza kuingia kwako akaondoka na kuku mkononi, na ukikasirika wewe ndiye mwenye kosa. Nilikua namwona Kalisto akichukua vitu vyetu huku mama anacheka. Kofia ya baba. Mchi. Siku moja alibeba mlango. Vilirudi vyote. Kwa hiyo kichwani mwangu Kalisto alikuwa mtu anayechukua ili arudishe.

Kabla ya kazi ya mbung'o alipikia wazungu wa mgodi, ule mgodi uliokuja kufungwa. Wazungu walipoondoka, bibi yao alimwachia kioo chenye ufa, mkebe wa biskuti na karata. Si zile wanazochezea wahuni sokoni. Hizi zilikuwa ndefu, zina picha za watu, wafalme, mbwa, jua lenye uso. Yule mzungu alikuwa akizipanga mezani jioni na kujiagulia, Kalisto akimtazama huku anafuta sahani, na alichokosa kukielewa alijitungia. Jumapili baada ya misa akina mama walimzunguka awasomee. Padre alimkaripia mara nyingi. Kalisto alimjibu kwamba yeye anawaburudisha tu akina mama, kuagua hajui. Padre akaondoka hajaridhika, akina mama wakasogea karibu zaidi.

Karata moja niliipenda kupita zote. Ina mtoto mkubwa wa kiume amejifunika kichwa kitambaa chekundu, anainama kumpa mtoto mdogo wa kike kikombe kilichojaa maua. Vikombe ni sita, kila kimoja kina ua lake jeupe. Sasa mama yangu alikuwa na vikombe sita vya bati vilivyochorwa maua, alivyopewa na mama yake, kijijini kwao Mamba, alipoolewa, na havikutoka rafuni ila kwa mgeni. Nikajua moja kwa moja kwamba picha ile ni ya nyumbani kwetu. Nilichoshangaa ni huyo mzungu alituchora lini.

"Inasemaje?" nikamuuliza Kalisto.

"Hii ni karata ya utoto. Inasema ya zamani hayapotei. Yule uliyempenda ukiwa mdogo, hata aende wapi, atarudi mlangoni."

"Na huyu je?"

Maana nyuma kabisa, upande wa kushoto, kulikuwa na mtu mzima ameshika fimbo ndefu. Ametupa mgongo. Anakwenda zake.

"Huyo si kitu. Mlinzi tu."

"Anakwenda wapi?"

"Tazama watoto, Sesilia. Karata ni ya watoto."

Karata hiyo ninayo mimi. Imekatika kona moja na mende wameionja. Juzi mjukuu wangu Neema alikuja likizo, akaikuta ndani ya bati langu la vitambulisho, akaruka nayo kama ameokota almasi. Akaipiga picha kwa simu, akasubiri kidogo, akaanza kunisomea. "Bibi, hii ni taroti! Inaitwa Vikombe Sita. Inamaanisha kumbukumbu tamu za utotoni, mtu wa zamani kurudi, na zawadi inayotolewa bila hila."

"Bila nini?"

"Hila, bibi."

Nilicheka mpaka nikapaliwa, mtoto akakimbilia maji. Nilimuuliza kama hiyo simu yake imesema lolote juu ya mtu wa nyuma. Akasogeza, akasogeza. "Hapana, hawajamtaja." Nikamwambia sawa, basi tangu kwa Kalisto hakuna kilichobadilika. Akataka nimsimulie. Nikamwambia nina ufuta wa kupepeta. Lakini ufuta ulipokwisha nikaona nikae niandike, kwa herufi hizihizi nilizojifunza upya ukubwani darasa la jioni, kwa sababu Neema ni mtoto mzuri ila hajawahi kuzika mtu. Nyie mtanielewa.

Mvua zilikuwa zimekatika, msimu wa kurina. Baba aliingia porini na wenzake, na wenzake wakamrudisha kwenye machela ya magome. Tawi lilikatika. Hayo niliyajua baadaye sana. Watoto tulifungiwa nyumba ya jirani na kupewa viazi tuvimenye, viazi vingi visivyo na mwisho, na nilipouliza kelele za nini nikaambiwa baba yako amesafiri. Sikuona mwili. Sikuona kaburi likichimbwa. Nilijua kusafiri ni nini, baba alikuwa akisafiri kila mara. Nikamenya viazi.

Waliponiruhusu kurudi nyumbani, uani palikuwa pamejaa watu wamekaa chini, mama katikati amenyolewa nywele, amevalishwa kamba shingoni. Sikumtambua mara moja. Nikawa nimesimama pale, natafuta pa kukaa, mara mlango wa nyumba ukafunguka na baba akatoka.

Koti lake. Mguu mmoja unatua, mwingine unaburuta. Akakohoa kile kikohozi chake cha moshi, akauliza kwa sauti yake ileile ya kuvutia puani:

"Nani amemaliza ugali wangu? Mnanizika asubuhi, mchana mnanilia kuku? Nyie ndugu au fisi?"

Uani pakalipuka. Watu waliokuwa wanalia walicheka huku machozi hayajakauka, mzee mmoja alijipiga mapaja, hata mama aliziba uso kwa mikono miwili na mabega yakawa yanaruka. Desturi ilikuwa hiyo. Kwenye msiba mtani lazima amvae marehemu, amuigize, awachekeshe wafiwa, kisha wampe kitu ndipo avue. Kalisto alikuwa hodari. Wengine walisema hawajaona mtani anayemuigiza mtu namna ile, mpaka kukuna sikio.

Baba yangu mdogo, Lukasi, akamtupia jogoo. "Haya Mfipa, umeshapata. Vua koti la kaka yangu."

Kalisto akaanza kufungua vifungo. Hapo ndipo nilipokimbia. Nilipita juu ya miguu ya watu nikamkumbatia ule mguu unaoburuta, uso kwenye koti, na ilikuwa harufu yenyewe, moshi na nta na asali. Nikapiga kelele: "Asivue! Msimvue baba!"

Nilisikia jogoo tu. Mkono ukashuka ukanishika utosini, na haukuwa na haraka ya kuondoka, hilo nalikumbuka vizuri na sijawahi kujua nilifanyie nini. Kisha akasema kwa sauti ya baba: "Haya basi. Nimekamatwa na mwenye mali. Silivui."

Wazee wakanong'ona wakakubaliana. Kalisto akae na koti mpaka siku ya kuanua matanga. Siku moja kabla ya hapo alifue mtoni, mtani mwenyewe kwa mikono yake, kisha alirudishe, avalishwe Lukasi aliye mrithi, ndipo mama akatwe ile kamba na awe huru kwenda atakako. Kwetu ilikuwa hivyo. Nguo ya marehemu ikiwa nje, msiba uko nje, na mjane hasogei.

Na mama alikuwa na pa kwenda. Wauza mchele waliotoka Mamba walikuwa wameleta habari kwamba bibi yangu hainuki tena kitandani. "Hana neno kwetu sisi wengine," mmoja alimwambia mama. "Anakutaja wewe tu. Anauliza, Yustina ameshafika mto wa kwetu?" Mama alisikiliza hayo amekaa na kamba yake shingoni. Akawapa maji ya kunywa, akawashukuru.

Majuma yale Kalisto alikuja karibu kila siku alipotoka kazini. Alikohoa mlangoni. Aliita, "Sesi, maji ya kunawa!" Aliingia anachechemea. Mama alianza kumwekea sahani, mwanzoni akisema ni kwa ajili yangu, mtoto asihuzunike, baadaye hakusema kitu, aliweka tu. Nilimwona akilishona koti kwenye kwapa huku Kalisto bado amelivaa, anamwambia acha kutikisika, na kwa muda kidogo sauti yake ikawa ile ya zamani.

Mimi nilikuwa na shida moja tu, nikamuuliza. "Wewe ni baba au ni Kalisto?"

"Nikiwa nimevaa koti unamwona nani?"

"Baba."

"Basi usiniulize nisichokijua mwenyewe."

Kwangu hilo lilikuwa jibu. Karata ilisema atarudi mlangoni, na karudi mlangoni. Nilimhurumia tu kwamba amerudi na mguu wake uleule mbovu.

Siku chache kabla ya matanga, mama alimwita nje, kwenye mawe ya kuotea moto. Nilikuwa napeta mchele karibu nao. Akamwambia: "Kalisto, leo utani nauweka chini. Nisikilize kama mtu. Mama yangu anakufa. Nikikatwa kamba asubuhi, mchana naondoka na mtoto. Usinicheleweshee hilo koti."

Kalisto alivua kofia. Sikuwahi kumwona amevua kofia ila kanisani. "Mama Sesi, naapa kwa Bikira Maria. Pombe ya matanga haitaonjwa kabla mimi sijafika."

"Nimekuamini," mama akasema. Maneno hayo hakuyasema tena kwa mtu yeyote ninayemfahamu.

Sasa niwaambie mapema yaliyofuata, nisije nikashindwa mwishoni. Siku ya matanga pombe iliiva, watu wakajaa, Kalisto hayupo. Mchana ukapita. Mama akasimama akasema mtu huyu ameondoka na koti. Na mnajua watu walifanya nini? Walicheka. "Mama Sesi, si ndio utani wenyewe huo! Mfipa anatuchezea, kajificha hapo migombani, anataka jogoo wa pili." Wakaita kwa kelele, "Toka Mfipa, tumekuona!" Mama akawaambia alimwapia. Wakacheka zaidi, kumbe mtani naye anaapa! Kesho yake bado walicheka. Juma lililofuata walitabasamu. Hakuna aliyenyanyuka kumfuata, kwa sababu nani anamfuata mtani kwa ajili ya utani? Walipoacha kucheka, kibandani kulikuwa na mtu mwingine na wavu, na huyo hakujua lolote.

Utingo mmoja wa lori alikuja kusema waliwahi kumpakia mtu kwenye barabara ya Sumbawanga, amevaa koti zito juani, anachechemea. Dereva alimwonea huruma kwa ajili ya mguu, asimdai kitu. Mama alisikia hayo akaingia ndani.

Lukasi hakuwa mtu mbaya, ila alishika aliyofundishwa. "Koti liko nje, shemeji. Ukienda Mamba hivyo utampelekea mama yako kifo cha kaka yangu mlangoni." Mvua zikaja. Wauza mchele wakaja tena, na safari hiyo walivua kofia kabla ya kusalimia, mama akajua. Bibi alikuwa amezikwa. Baadaye wazee walikaa upya wakasema shati litatosha, wakamleta mtani mwingine, mzee wa watu, akalifua shati, kamba ikakatwa. Kumbe shati lingetosha tangu mwanzo. Mama alivigeuza vikombe vyake rafuni midomo chini, vitano vilivyobaki, na sikumwona akivigeuza tena mpaka anakufa. Shule niliiachia hapohapo, darasa la pili, ila hiyo ni habari nyingine na siwezi kumsingizia Kalisto kila kitu.

Kwa nini aliondoka? Sijui. Nimezeeka nikijiuliza. Koti halikuwa na thamani hiyo. Labda alichoka kuwa mtu aliyekufa. Labda alianza kuipenda ile sahani iliyokuwa inamngojea, akaogopa. Lakini alijua habari za Mamba. Alizijua, amevua kofia.

Sasa siku yenyewe, kesho yake ikiwa matanga. Jua lilikuwa bado juu. Mama alikuwa nyuma ya nyumba na mitungi ya pombe. Kalisto alifika amevaa lile koti, akakohoa, nikamkimbilia.

"Nakwenda mtoni kufua," akasema. "Nipe maji ya kunywa, safari ina jua."

Mto wenyewe ulikuwa pale chini. Lakini nilikuwa mtoto, na mgeni anayesafiri anapewa kikombe kizuri. Nikapanda kwenye kigoda nikashusha kikombe kimoja cha maua, nikakijaza, nikampa kwa mikono miwili. Kwenye karata mkubwa ndiye anayempa mdogo. Alikunywa taratibu mpaka mwisho, akakitazama, akakiweka mfuko wa ndani wa koti. Nikacheka. Nilijua anachukua ili arudishe. Kisha akatoa ile karata, akanipa.

"Nishikie mpaka nirudi."

"Utarudi kesho?"

"Karata inasemaje?"

"Inasema utarudi mlangoni."

"Haya."

Akaondoka. Nilisimama mlangoni nikimtazama anavyokwenda, mguu mmoja unatua, mwingine unaburuta, koti linayumba upande. Pale njia inapogawanyika, mkono wa kushoto unateremka mtoni, wa kulia unapandisha barabarani. Akafika pale. Akasimama. Akashika kulia, na hatua chache mbele yake mguu ukaacha kuburuta. Ulinyooka. Akawa anakwenda kwa miguu yote miwili, hatua ndefu, nyepesi, haraka, kama mtu ambaye hajawahi kuanguka popote.

Furaha niliyoipata sina namna ya kuiandika. Nilikimbilia nyuma ya nyumba, karata mkononi, nikipiga kelele, "Mama! Mama, njoo uone! Baba mguu umepona!"

Mama akaja mbio, mikono imejaa machicha ya pombe. Tukasimama wote wawili mlangoni. Alikuwa mdogo kule mbali, ametupa mgongo, anakwenda zake.